Injini iliyoundwa Nairobi ikakosa nguvu Malindi

Haya wasomaji, leo tunaziweka kompyuta kando kidogo. Tutazungumza injini za magari ya zamani. Lakini wale ambao kazi yenu ni kuwinda makosa ndani ya programu msiondoke, maana mtajikuta nyumbani.

Kisa chenyewe ni hiki, na ukikaa na mafundi kuanzia Mtwapa, Kilifi hadi Malindi utakisikia kwa namna nyingi. Mtu ana Pijo la zamani, tuseme Peugeot 404 au 504. Injini imechoka. Anaipeleka Nairobi kwenye spea nyingi na mashine za kuchonga. Inafumuliwa yote, inaundwa upya: pistoni mpya, ringi mpya, valvu zimesagwa, gasketi mpya. Pale Nairobi gari linakwenda vizuri. Linashuka kilomita 480 hivi hadi Mombasa, kisha kama 120 nyingine hadi Malindi, na hapo linaanza vituko. Ukikanyaga mafuta linakohoa. Linapata joto haraka. Kwenye mlima mdogo tu wa kuelekea Kaloleni linagonga kama mtu anatikisa misumari kwenye mkebe. Hukumu hutoka siku hiyo hiyo: fundi wa Nairobi ameharibu, injini ifumuliwe tena.

Hukumu hiyo ni ghali. Gasketi zinatupwa, boliti zinavutwa tena, ringi zilizoanza kukaa vizuri zinasumbuliwa, na mwenye gari analipa mara mbili kazi ileile. Wengine huchoka, gari likaegeshwa chini ya mwembe mpaka chumvi ya bahari ikamaliza bodi, halafu likauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Injini ndani yake ilikuwa nzima.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba injini ya namna hiyo mara nyingi si mbovu. Imewekwa kwa ajili ya mahali pengine, au kwa ajili ya mwaka mwingine. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili: programu inakwenda vizuri kwenye mashine ya aliyeiandika, ukiihamishia kwenye seva nyingine inaanguka, na kosa halimo ndani ya programu bali katika mipangilio iliyokuja nayo. Ili kujua injini imewekwa kwa ajili ya wapi na lini, inabidi tujue historia kidogo.

Tuanze na magari yenyewe. Mwaka 1953 yalifanyika mashindano ya kwanza ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Baadaye yakaitwa East African Safari, na mwishowe Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963 ikiendeshwa na Nick Nowicki, mwaka ambao magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Ikashinda tena 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, halafu 1968 Nowicki akarudi na kushinda kwa gari la aina ileile, na mara hiyo pia waliomaliza walikuwa 7. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda na 504. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu Pijo. Pikapu za 404 ziliendelea kuundwa Kenya hadi 1991, na 504 hadi 2004, miaka mingi baada ya Ufaransa yenyewe kuacha. Ndiyo maana mpaka leo mabaki yake yapo kila kijiji. Na tangu 2003 kuna Safari Classic, mashindano ya magari ya kale, ambayo yameifanya kazi ya kufufua injini hizi kuwa na wateja wapya.

Kuna ushindi mmoja unaohusu mada yetu moja kwa moja. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika, nao wakaitengeneza wenyewe. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Gari lililoundwa upya na mtu anayelielewa liliyashinda magari mapya ya viwanda. Kwa hiyo gari kuundwa upya si ugonjwa.

Sasa, kupima injini bila kuifungua ni elimu ya zamani sana. Mwaka 1796, huko Uingereza, John Southern, msaidizi wa James Watt, alitengeneza kifaa kilichochora msukumo wa mvuke ndani ya silinda wakati pistoni inakwenda na kurudi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona kinachotokea ndani ya injini huku inafanya kazi. Watt na wenzake waliona thamani yake, wakaifanya siri ya biashara kwa miaka mingi. Kila chombo kilichokuja baadaye, iwe geji ya kompresheni, geji ya vakyumu au taa ya kupimia taimingi, ni mjukuu wa wazo lile: usifungue, pima.

Watu wa Malindi wana mfano wa karibu zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, Waitaliano walirusha satelaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri. Satelaiti ikisharuka hakuna fundi anayeweza kuifungua na spana. Kilichobaki ni namba inazotuma, na akili ya anayezisoma. Magari yanayouzwa Marekani tangu toleo la 1996 yote yana tundu la kuchomeka kompyuta ya kupimia, na ya petroli ya Ulaya yalifuata kuanzia 2001. Pijo la 1975 halina tundu hilo. Namba zimo, lakini lazima uende kuziuliza wewe mwenyewe.

Tuziulize basi, tukianza na jambo ambalo wengi hawalitegemei.

La kwanza ni mwinuko. Nairobi iko mita 1,660 hivi juu ya bahari. Malindi iko pale pale kwenye maji. Kule juu msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ufukweni. Hata ukihesabu joto la pwani, kila mara pistoni ikishuka kule Malindi inavuta hewa yenye uzito zaidi, kwa asilimia 15 au kuzidi kidogo. Maana yake ni nini? Gari likishuka pwani linapaswa kuongeza nguvu. Watu husema gari limelegea kwa sababu ya joto la pwani. Sivyo. Likiwa na afya na limewekwa sawa, Pijo la Nairobi likifika Kilifi litakwenda kama limepewa uji. Likibaki vilevile tu, hiyo tayari ni dalili kwamba kuna kitu kinalizuia. Likipungua, usiwe na shaka tena.

Kabureta haijui imefika wapi. Inapima mafuta kwa mvuto wa hewa inayopita, na hewa ikizidi uzito mafuta hayazidi kwa kiwango kilekile. Ukipiga hesabu, kutoka Nairobi hadi ufukweni mchanganyiko unakuwa na upungufu wa mafuta wa asilimia 8 hivi. Asilimia 8 peke yake haiui injini. Lakini kama fundi wa bara aliweka jeti ndogo ili gari lisile mafuta wala kutoa moshi mweusi, huo upungufu unaongezeka juu ya upungufu. Hapo ndipo kukohoa na joto vinapoanza. Toa plagi uziangalie baada ya kuendesha gari kwa kasi kisha kulizima hapohapo: nyeupe kama chaki inasema mafuta ni machache.

Halafu kuna taimingi. Hewa nyepesi ya bara huungua polepole na haigongi kirahisi, kwa hiyo fundi wa Nairobi anaweza kutanguliza cheche kidogo na gari likapenda. Ukifika pwani hewa ni nzito na ya moto, injini inagonga. Fundi wa pwani anasikia mgongo, anageuza distributa kwa sikio na kuchelewesha cheche mpaka kelele iishe, na mara nyingi anapitiliza. Kelele imekwisha, na nguvu imekwisha nayo, na joto limepanda. Mafundi wawili, kila mmoja amefanya jambo lenye maana mahali pake, na gari limeharibika katikati yao.

Mwinuko unadanganya hata geji. Injini nzima ikiwa inapumua taratibu bila mzigo, geji ya vakyumu ufukweni inaonyesha kati ya inchi 17 na 21. Kila mita 300 ukipanda, inapungua inchi moja hivi. Kwa hiyo inchi 14 Nairobi ni afya njema, na inchi 14 Malindi ni mgonjwa. Kompresheni vivyo hivyo: injini inayotoa pauni 150 Malindi itatoa kama 125 Nairobi. Ukipewa karatasi ya vipimo kutoka bara inayosema 125, usiitumie Malindi kusema kila kitu kiko sawa. Uliza kwanza ilipimwa wapi. Waliokuwa wakiendesha Safari walilijua hili kwa mwili, maana njia ilitoka usawa wa bahari hadi nyanda zenye mita zaidi ya 2,500 na kurudi, na kabureta ni ileile.

La pili ni mafuta, na hapa swali si wapi bali lini. Mwezi Desemba 1921, katika maabara ya General Motors huko Dayton, Marekani, Thomas Midgley aligundua kuwa risasi ikichanganywa kwenye petroli huzuia injini kugonga. Ilianza kuuzwa 1923. Ilikuwa sumu, na madhara yake kwa watoto yalikuja kujulikana vizuri baadaye, lakini ilikuwa na faida moja ya pembeni: iliacha utando mwembamba uliolinda viti vya valvu za moshi. Wahandisi wakazoea. Viti vingi vya enzi hizo vilitengenezwa kwa kutegemea kuwa utando huo utakuwepo siku zote.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi 1963 na kiliacha kusafisha 2013. Kwa muda mrefu petroli ya risasi ndiyo iliyojaza matangi ya pwani. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 Kenya ilikuwa imeiacha. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Lilikuwa jambo jema, na sitaki mtu anielewe vibaya. Ila vitabu vya magari haya viliandikwa kabla yake. Injini iliyoundwa upya leo kwa viti laini vya zamani itakwenda vizuri kwa miezi, kisha viti vitaanza kuliwa. Valvu inazama, nafasi ya tapeti inapungua mpaka inakwisha, na valvu haifungi sawasawa injini ikipata moto. Dalili yake ni ya kipekee: asubuhi gari lina nguvu, baada ya kilomita 30 linalegea. Pima tapeti. Kama kila ukizirekebisha zinabana tena, na hasa za moshi, umempata mwizi. Dawa ni viti vigumu, si kufumua chini.

La tatu ni chumvi na spea. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini unaleta chumvi mpaka ndani ya boneti. Nyaya za ethi kati ya injini na bodi zinaoza kwa ndani huku nje zinang'aa. Chukua mita ya umeme, weka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, halafu mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi yako ni mbovu, na cheche inaweza kuwa dhaifu kwa sababu hiyo. Mfumo wa koili na pointi tunaoujua ulianza na Charles Kettering, aliyeutengeneza kabla ya 1912, na udhaifu wake haujabadilika tangu wakati huo: pointi zinaungua, kondensa inakufa. Kondensa za siku hizi nyingi zinakufa zikiwa mpya. Kuwa mpya si ushahidi wa uzima. Chumvi hiyohiyo inashika breki pia. Endesha kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, simama, kisha peleka mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, injini yako inavuta gari lililofungwa kamba.

Sasa, baada ya hayo yote, ndipo tuishuku kazi ya kuunda upya yenyewe, maana makosa huko yapo na sitaki kuwatetea mafundi wote. Injini za Pijo hizi zina laina zinazotoka, zimezungukwa na maji moja kwa moja. Zikifungwa, lazima laina zisimame juu kidogo ya bloku ili gasketi ya kichwa izibane. Zikikaa chini, au zikipishana, gasketi inavuja kati ya silinda mbili au maji yanaingia. Kosa jingine ni cheni ya taimingi kuvuka jino moja. Dalili yake inafichika: silinda zote nne zinatoa kompresheni sawa, lakini zote ziko chini, na vakyumu iko chini bila kutikisika. Na kuna ringi ambazo hazijakaa kwa sababu gari liliachwa likinguruma taratibu siku nzima badala ya kupewa mzigo wa wastani barabarani.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa kupima ni huu, na kila hatua ni rahisi kuliko inayofuata:

1. Vitu vya bure: breki zinazoshika, choki isiyofunguka, kebo ya mafuta isiyofika mwisho, chujio la hewa, bomba la moshi lililoziba. Mtu akanyage pedali mpaka chini, wewe angalia kama mlango wa kabureta umefunguka wote.

2. Umeme: ethi, pointi, kondensa, plagi.

3. Taimingi kwa taa. Sikio lisaidie tu. Anza na namba ya kitabu, kwa usawa wa bahari.

4. Kabureta: jeti zilizomo ni namba gani, na kitabu kinasema ngapi? Tafuta pia hewa inayoingia kwa wizi kwenye maungio.

5. Tapeti zikiwa baridi, kisha vakyumu, ukisoma kwa kipimo cha pwani.

6. Kompresheni, silinda zote, plagi zote zimetolewa, pedali chini. Silinda iliyo chini itilie kijiko cha oili na upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imevuja kati yao.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu kwenye mlima uleule. Barabara ya Kilifi hadi Malindi ni tambarare mno, inaficha udhaifu. Mlima wa Kaloleni hausemi uongo. Ukifika mwisho wa hatua ya 6 na ushahidi unaelekeza ndani, fumua bila wasiwasi. Utakuwa unajua unakwenda kutafuta nini.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniuma kama mtu wa programu. Sisi kila badiliko tunaliandika: nani amebadilisha, lini, kwa nini. Injini hizi zimepita mikononi mwa mafundi watatu au wanne kwa miaka 40, na hakuna hata karatasi moja. Jeti ilibadilishwa, hakuna aliyeandika. Kichwa cha injini kilichongwa, hakuna aliyeandika. Wazee waliokuwa wakizijua injini hizi kwa kuzigusa wanapungua, na wanaondoka na namba zao vichwani. Daftari la shilingi chache likiwekwa ndani ya dashibodi, lenye tarehe, mahali, namba ya jeti, digrii za taimingi na kompresheni ya kila silinda, lingeokoa injini nyingi kuliko spana zote za Nairobi.

Kama nyumbani kwenu kuna daftari la namna hiyo, la baba au babu, tuandikie hapo chini lilisema nini. Na kama una Pijo linalokohoa, usilipeleke popote kabla hujapima. Tupe namba, tuzisome pamoja.